Kifaransa kuanzia sifuri kwenye shahada ya sanaa: nipange vipi muda, na watu hukwama wapi?

MsomajiMpya

Habarini wakuu. Naanza mwaka wa kwanza wa shahada ya sanaa na natakiwa kuchagua masomo mawili makuu. Moja nimeshaamua ni Kifaransa, la pili bado. Sijawahi kusoma Kifaransa darasani. Mtaala unaruhusu wanaoanza sifuri: mwaka wa kwanza ni lugha tupu, saa 6 kwa wiki. Mwaka wa pili na wa tatu saa za lugha zinashuka hadi 3, halafu zinaingia kozi za fasihi, isimu na tafsiri zinazofundishwa kwa Kifaransa chenyewe.

Naomba msaada kwenye haya. Kwanza, inawezekana kweli kufika mwaka wa pili nikiwa naelewa mhadhara? Pili, sarufi ipi inawaangusha wengi, hasa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili? Tatu, mitihani ya fasihi inatungwaje? Nne, somo gani linakaa vizuri na Kifaransa? Natanguliza shukrani.

---

Mkalimani77

Karibu, ndugu. Nianze na hesabu, maana wengi huianza kozi bila kuipiga kisha wanalaumu akili zao.

Kwa vipimo vya ngazi za lugha vya Ulaya (A1 ya anayeanza hadi C2 ya mjuzi), makadirio yanayotumika sana kwa Kifaransa ni haya: A2 huchukua saa 160 hadi 200 za kufundishwa tangu sifuri, B1 saa 360 hadi 400, B2 saa 560 hadi 650. Sasa chukua ratiba yako, na tuseme muhula una wiki 15. Mwaka wa kwanza: saa 6 mara wiki 15 mara mihula 2, unapata 180. Hiyo ni A2. Lakini mhadhara wa fasihi kwa Kifaransa unadai angalau B1 iliyokomaa. Kwa hiyo darasa peke yake linakufikisha mlango wa mwaka wa pili ukiwa umepungukiwa na saa kama 200. Kwenye kozi za kuanzia sifuri, hapa ndipo wengi huangukia, na sababu yake haina uhusiano wowote na kipaji.

Pengo linazibika hivi. Saa 1 ya kujisomea, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 30 za masomo, ni saa 150. Ongeza likizo ndefu kati ya mwaka wa kwanza na wa pili: wiki 10 kwa mwendo uleule, saa 50. Jumla 380, na hapo umeingia B1. Ile likizo ndiyo inayoamua. Anayefunga daftari kwa wiki 10 anarudi vitenzi vimeshamtoka, na mihula yote miwili inayofuata anakimbiza anachokisahau huku wenzake wanasoma riwaya.

Saa hiyo moja usiitumie kukariri orodha za maneno. Dakika 20 za kwanza ziwe imla ya kujipa mwenyewe. Tafuta sauti yenye maandishi yake, kata kipande cha sekunde 40. Sikiliza mara moja bila kuandika. Mara ya pili andika ukisimamisha kila sentensi. Mara ya tatu kagua. Kisha fungua maandishi na sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, na kando ya kila kosa weka herufi: S kama hukulisikia neno, T kama ulilisikia ukakosea tahajia, U kama kosa ni la upatanisho (umesahau -s ya wingi au -e ya jinsi ya kike). Baada ya wiki mbili hesabu herufi. S zikiwa nyingi, tatizo ni sikio: ongeza kusikiliza. U zikiwa nyingi, tatizo ni sarufi, na kusikiliza zaidi hakutakusaidia, kwa sababu -s na -e hizo mara nyingi hazitamkwi kabisa.

Dakika 20 nyingine ni vitenzi: kimoja kwa siku, njeo zote ulizofundishwa, kwa kuandika na kwa sauti. Anza na être, avoir, aller, faire, pouvoir, vouloir, devoir, savoir, voir, venir, prendre, mettre, dire. Zilizobaki soma chochote, kisha uandike sentensi tano kuhusu ulichosoma.

Kuanzia muhula wa pili tumia taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa. Ni ya dakika 10 na maandishi yake huwekwa mtandaoni. RFI ina idhaa ya Kiswahili pia, kwa hiyo sikiliza habari za siku hiyo kwa Kiswahili kwanza, ndipo uende kwenye Kifaransa. Ukishajua habari yenyewe, sikio linabaki na kazi moja tu, ya kutenganisha maneno.

---

FonimuNaVina

Mkalimani amemaliza suala la muda. Mimi nijibu la pili.

Kosa kubwa la mwanafunzi anayejua Kiswahili na Kiingereza ni kukifikia Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, hata pale Kiswahili kipo karibu zaidi. Angalia. Nina njaa: *j'ai faim*. Nina kiu: *j'ai soif*. Nina miaka 20: *j'ai vingt ans*. Neno kwa neno. Aliyepitia Kiingereza anaandika *je suis faim*. Vivumishi vingi navyo hufuata nomino kama kwetu, kitabu chekundu, *un livre rouge*. Kuna kundi dogo linalotangulia (beau, bon, grand, petit, jeune, vieux na wenzao), hilo likariri. Vimilikishi hupatana na kinachomilikiwa, si mmiliki: kitabu chake ni *son livre*, nyumba yake ni *sa maison*, awe mwenye nyumba ni mume au mke. Ukishazoea ngeli, hili halikusumbui hata kidogo.

Sasa subjonctif, inayoogopwa bure. Kiswahili kinayo: ni ile -e ya mwisho. Nataka aje, *je veux qu'il vienne*. Lazima aende, *il faut qu'il aille*. Mwambie kwa sauti ili asikie, *pour qu'il entende*. Matumizi mengi utayapatia kwa kujiuliza: kwa Kiswahili ningeweka -e hapa? Ila kuna sehemu tatu ambapo njia zinaachana, na mtihani hupenda kuuliza hapohapo:

– Mtenda akiwa yuleyule, Kifaransa hudai kitenzi katika umbo lake la kamusi (infinitif). Sisi twaweza kusema "nataka niende". Wao ni *je veux aller* tu. *Je veux que j'aille* ni kosa.
– "Ingawa" kwetu haichukui -e: ingawa anajua. Kwao *bien que* huchukua subjonctif: *bien qu'il sache*.
– "Natumaini" hudanganya upande wa pili. *J'espère qu'il viendra*, wakati ujao wa kawaida.

Na kuna moja inayopendeza sana. Kwenye *avant qu'il ne parte* utaona *ne* isiyokanusha kitu, na vitabu huieleza kwa kurasa nzima. Kiswahili kinafanya kitu kama hicho: "kabla hajaondoka". Umbo ni la kukanusha, maana si ya kukanusha. Tofauti ni kwamba hiyo *ne* si ya lazima, ni ya lugha ya adabu na maandishi.

Sasa pale ambapo Kiswahili kinakuponza. Kiambishi cha yambwa hutangulia mzizi wa kitenzi kwetu na kiwakilishi hutangulia kitenzi kwao, ninakuona, *je te vois*, kwa hiyo wakati uliopo hauna shida. Lakini "nilimpa": ni-li-m-pa, alama ya wakati kwanza, yambwa baadaye. Mwanafunzi anaufuata mpangilio huo na kuandika *j'ai lui donné*. Sahihi ni *je lui ai donné*: kiwakilishi hukaa mbele ya kitenzi kisaidizi. Tena Kiswahili hubeba yambwa moja tu ndani ya kitenzi, wao hubeba mbili: *je le lui ai donné*, nilimpa hicho. Kumbuka mpangilio hubadilika: *il me l'a donné* (me kwanza), lakini *je le lui ai donné* (le kwanza). Andika jozi hizi mpaka mkono uzizoee.

Viambishi ngeli, tena, ni vitu vya kutamkwa; hujawahi kusikia kitabu bila ki-. Jinsi ya nomino za Kifaransa haionekani hivyo, kwa hiyo kila nomino iingie daftarini na *un* au *une*. Usitumie *le/la*, kwa sababu *l'école* na *l'arbre* huficha jinsi, lakini *une école* na *un arbre* hazifichi. Miisho husaidia: -tion na -sion ni za kike (isipokuwa *bastion*), -isme zote ni za kiume, -ment za kiume (isipokuwa *jument*, farasi jike), -age za kiume ukitoa chache zinazojulikana: image, page, plage, cage, rage, nage.

Matamshi kwa kifupi, kwa sababu haya hujifunzwa kwa mdomo. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho. Wao huuweka silabi ya mwisho ya kundi zima la maneno. Usimalizie konsonanti kwa irabu: *table* isiwe "tabele". *Vin, vent, vont* ni irabu tatu tofauti za puani, na *n* yenyewe haitamkwi, ulimi haugusi popote. Ili kupata *u* ya *tu*, tamka i, usisogeze ulimi, kisha viringa midomo kama wa u. Zoeza kwa *dessus* na *dessous*, maana moja ni juu na nyingine ni chini. Na *ils ont* husikika na z katikati, *ils sont* na s: sauti hiyo moja ndiyo inayotenganisha "wana" na "ni".

---

MsomajiMpya

Asanteni sana wakuu, hii ya "kabla hajaondoka" imenikaa. Swali dogo: kamusi. Niendelee na ya Kifaransa–Kiingereza au niingie ya Kifaransa kwa Kifaransa? Na bado nasubiri kuhusu fasihi.

---

KalamuNyekundu

Kamusi ya lugha mbili itumie mpaka ufike B1, baada ya hapo fungua kwanza ya Kifaransa kwa Kifaransa. Tovuti ya CNRTL ni ya bure: inakupa jinsi ya neno, maana zake na mifano, visawe na asili yake. Sababu ya kuhama ni maneno yanayofanana na ya Kiingereza lakini hayana maana ileile, na mwanafunzi wa sanaa hukutana nayo kila siku. *Lecture* ni usomaji, si mhadhara. Mhadhara ni *cours magistral*. *Librairie* ni duka la vitabu, maktaba ni *bibliothèque*. *Passer un examen* ni kufanya mtihani. Kufaulu ni *réussir*. *Actuellement* ni kwa sasa. Na *dissertation* si andiko la mwisho la utafiti, ni insha ya darasani yenye kanuni kali, ambayo ndiyo nataka kuieleza.

Mitihani ya fasihi huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni *dissertation*: unapewa kauli au swali, unalijadili. Utangulizi una hatua nne, na kila moja hutafutwa na msahihishaji: sentensi ya kuingilia, kauli yenyewe na ufafanuzi wa maneno yake, *problématique* (swali unalotaka kulijibu, liandike kama swali), na tangazo la mpango. Kisha sehemu mbili au tatu, kila moja ikiunganishwa na inayofuata kwa sentensi ya mpito. Watu hufundishwa mpango wa kukubali, kupinga, kupatanisha, halafu sehemu ya tatu wanarudia ya kwanza kwa maneno mengine. Kama huna jambo jipya la kusema katika sehemu ya tatu, sehemu mbili nzuri ni bora. Kwa mtihani wa saa 4, tumia saa nzima kwenye mpango kabla ya kuandika, na utangulizi na hitimisho viandike kwanza kwenye karatasi ya rasimu.

Ya pili ni *commentaire*, uchambuzi wa kifungu. Kinachoangusha watu hapa ni paraphrase, yaani kusimulia upya kifungu. Kila dai lishike mambo matatu: mbinu ya lugha, maneno yenyewe ndani ya alama « », na kazi ambayo mbinu hiyo inafanya. Tuchukue sentensi mbili hizi: *Il pleuvait. La porte s'ouvrit.* Kuandika "kulikuwa na mvua kisha mlango ukafunguka" ni kusimulia. Uchambuzi unasema: *pleuvait* iko imparfait, hali isiyo na mwanzo wala mwisho, mandhari, *s'ouvrit* iko passé simple, tukio moja linalokata hali hiyo, ufupi wa sentensi zote mbili bila kiunganishi unamnyima msomaji maandalizi, mlango unamshtua kama unavyomshtua aliye ndani ya chumba. Ona jinsi Kiswahili kinavyoigawa vilevile: mvua ilikuwa ikinyesha, mlango ukafunguka. Ile -ki- ya hali inayoendelea na ile -ka- ya masimulizi zitakusaidia kuhisi tofauti ambayo wengine wanaikariri kama kanuni.

Passé simple si lazima uiandike mwanzoni, unahitaji kuitambua tu. Jifunze nafsi ya tatu tu: -a/-èrent, -it/-irent, -ut/-urent, -int/-inrent. Kisha jihadhari na mafupi: *fut* ni être, *fit* ni faire, *eut* ni avoir, na *il vit* yaweza kuwa "anaishi" (vivre) au "aliona" (voir). *Fût* yenye kofia si passé simple tena, ni subjonctif ya zamani. Kama unataka riwaya ya kwanza isiyokutesa kwa njeo hii, *L'Étranger* ya Albert Camus (1942) imesimuliwa kwa passé composé (wakati uliopita wa mazungumzo, wenye kisaidizi avoir au être) na sentensi zake ni fupi. Soma kurasa 5 kwa siku na kamusi ikiwa imefungwa. Pigia mstari maneno yanayojirudia mara tatu, ndiyo uyatafute. Anayefungua kamusi kwa kila neno huchoka kabla ya sura ya pili, na hapo tatizo si riwaya.

Vitu vidogo vinavyokula alama bure: lugha, siku na miezi huanza kwa herufi ndogo (*le français, lundi, janvier*), lakini mtu wa Ufaransa ni *un Français*. *Ou* ni au, *où* ni wapi. *A* ni kitenzi, *à* ni kihusishi. Jina la kitabu kwenye karatasi ya mkono hupigiwa mstari. Na katika insha za kitaaluma *je* huepukwa, tumia *nous* au *on* kwa uthabiti mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

---

Mkalimani77

Naongezea swali la nne, halijajibiwa.

Isimu ndiyo jozi ninayoipendekeza kwanza kwa anayeanza sifuri. Alama za kifonetiki, uchambuzi wa silabi, njeo na hali: unavisoma mara moja na kuvitumia pande zote mbili, kwa hiyo mzigo wa wiki unapungua kweli. Kiswahili kinafuata, hasa kama unalenga tafsiri. Kifaransa na Kiswahili zote ni lugha rasmi za Umoja wa Afrika, na mtafsiri anayetoka moja kwenda nyingine bila kupita Kiingereza hapatikani kirahisi. Historia au siasa ni nzuri kwa anayetaka kusoma nyaraka. Kifaransa ni mojawapo ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, na pamoja na Kiingereza ni lugha ya kazi ya Sekretarieti yake. Lakini angalia: masomo hayo yana usomaji mwingi, na yatashindana na saa yako ya kila siku. Lugha nyingine mpya kama Kihispania mwaka huohuo wa kwanza, hapana. Maneno yanafanana mno, na kabla ya B1 yanachanganyika mdomoni.

Kuhusu cheti: shahada yako haitaandika ngazi yako ya lugha. Panga DELF B2, mtihani rasmi wa Kifaransa wa ngazi ya B2, mwaka wa tatu. Ina sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umefeli, hata jumla ikiwa kubwa. Kuandika ni maneno 250 kwa saa 1, kwa kawaida barua rasmi au hoja. Kuzungumza unapewa dakika 30 za maandalizi na dakika 20 za kutetea msimamo. DELF haiishi muda. Matokeo ya TCF na TEF, mitihani mingine ya kupima Kifaransa, hukoma baada ya miaka 2, hizo zifanye pale tu zinapodaiwa na mahali unapoomba nafasi.

Na ukifika kuandika barua hizo za maombi: shahada yako ya kwanza kwa Kifaransa iite *licence*. *Bachelier* kwa Ufaransa ni mtu aliyefaulu mtihani wa kumaliza sekondari.

---

MsomajiMpya

Nimechukua isimu. Nimeshapanga imla ya asubuhi kabla ya vipindi, nianze na sauti za kitabu cha darasa mpaka muhula wa pili. Swali la mwisho: zile herufi S, T, U, kama neno moja lina makosa mawili?

---

Mkalimani77

Weka zote mbili. Mfano umesikia *elles sont parties* ukaandika *elle son parti*. *Elle* ni U, *son* ni T, *parti* ni U, kwa sababu kitenzi kinachokwenda na être hupatana na mtenda: wao, wanawake, -es. Ukiandika *elles ont parti*, hapo *ont* inapata S, ulisikia z mahali pa s. Na inapata U pia, kwa kuwa umechukua avoir kwa kitenzi kinachotaka être. Kosa hilo la pili lirudie siku hiyohiyo kwa kuandika *partir* nafsi zote sita kwenye passé composé, za kiume na za kike.